Nyongeza ya Mikono

Kitu cha kwanza alichokiona ni glavu zake. Hazikuwa kwenye msumari. Zilikuwa mwisho wa karakana, zinachomelea tangi la maji, na mshono ulikuwa unatoka safi. Akatazama chini. Mikono yake ilikuwa imeishia kwenye vifundo vya viganja, bila kidonda, kama kitambaa kilichopindwa vizuri.

Walimwita Kimya, kwa sababu haya ilimjaa hata salamu aliitoa puani. Kibali chake cha fundi mgeni wa muda kilikuwa kimefika ukomo, na kiwanda kilikuwa kimemwombea nyongeza.

"Hongera, dada," msimamizi alimwambia. "Wamekubali. Mikono imeongezewa muda. Wewe unaondoka nchini Ijumaa."

Kimya akamkodolea macho.

"Usiniangalie hivyo. Waliniuliza kiwanda kinahitaji nini kwako, nikasema mikono. Ulitaka niseme nini, magoti?"

Nyumbani aliishi na shangazi yake, raia wa pale, aliyepofuka na asiyekuwa na mwingine wa kumpikia wala kumvusha barabara. Jioni hiyo shangazi ndiye aliyemlisha, akiutafuta mdomo kwa kupapasa.

"Serikali ina akili," shangazi alisema. "Imechukua kinachofanya kazi, imeniachia kinachokula." Kisha akaweka kijiko chini. "Mwanangu, ukienda, mimi nabaki na nani?"



Ijumaa karani wa uhamiaji aligonga mlango. Wakati huohuo mikono ilikuwa inarudi kutoka zamu, ikiburuta mtungi wa gesi ngazini. Ikampita, ikawasha moto, ikaanza kuuchomelea mlango wa chuma kwenye fremu yake.

"Acheni hiyo," karani alisema.

Mkono wa kushoto ukamwonyesha kibali. Akakisoma mbele na nyuma. Kilisema ichomelee; hakikusema wapi. Akasogea pembeni, cheche zisimtoboe suruali.

"Nani huyo?" shangazi aliuliza ndani.

"Mikono, shangazi," Kimya alijibu kando yake.

"Imekula?"

Ilipomaliza, ikaugonga mshono kwa nyundo kuondoa gamba, kama fundi yeyote, ikapenya dirishani ikalale. Kesho ilikuwa na zamu.

Karani akainama kwenye tundu la ufunguo. "Dada, sheria iko palepale. Mikono inabaki, wewe unatoka. Nitarudi na wenzangu."

Kimya akapiga magoti upande wa pili. Tangu utotoni akiambiwa toka, alitoka. Akiambiwa sogea, alisogea, na jibu lake akalimeza na mate. Akasogeza mdomo hadi chuma kikamgusa midomo, bado kina moto.

"Siondoki."