Mbao za Juu ya Meko

Mwaka huu wa 1987 mume wangu Polikarpi alianguka kutoka kwenye lori la kahawa pale Omurushaka, akarudi Kanoni akibebwa. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alinichorea kwenye karatasi ngazi pana ya kupigiliwa ukutani, ndani ya nyumba. Apande kila siku kwa mikono, akiburuta miguu mpaka ikumbuke kazi. Miguu ikikaa bure hadi mavuno ya kahawa, alisema, tusahau habari ya kutembea.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua miti. Miti mikavu tuliyokuwa nayo ni mbao nne za mushambya, mti mgumu wa kwetu, zilizokaa miaka minane kwenye uchaga juu ya meko zikila moshi. Mchwa hawazigusi, na hazipindi. Lakini Polikarpi alizipasua mwenyewe kwa ajili ya jeneza la mama yake, na kwetu humwendei mzazi aliye hai ukamwomba mbao za jeneza lake. Ni kama kumuuliza anaondoka lini.

Nilimwambia mume wangu aombe. Akakataa. Nikasema basi nitaomba mimi, akanitazama vibaya, nikanyamaza. Najilaumu kwa kunyamaza kule kuliko kwa jambo lolote maishani mwangu.

Fundi Novatus akakata mikaratusi miwili bondeni, mibichi, maji yakitoka. Alituonya kwamba itapinda ikikauka. Tukasema itatufikisha mavuno.

Wiki ya tatu Polikarpi alifika kidato cha tano, na mguu wa kulia ukakanyaga wenyewe. Alicheka! Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu lile lori. Mkaratusi ulikuwa umepasuka kwenye misumari, nasi hatukuuangalia. Kidato kikachomoka, akaangukia nyonga.

Mama mkwe alifika mbio na unga wa muhogo mikononi. Baada ya kumlaza mwanawe aliokota ule mti, akauliza kwa nini tulijengea kuni mbichi wakati nyumba ina mbao. Nilikuwa na hasira, nikamweleza yote bila kupunguza.

Aliuweka ule mti chini, akajifuta unga.

"Nani aliwaambia nataka sanduku?" akasema. "Mama yangu alizikwa kwa mkeka, na wangu nimeshausuka, uko chini ya kitanda. Mngeuliza tu, Jovitha."

Jioni ileile alizishusha zile mbao mwenyewe. Novatus alisimamisha mbili, mbili akazipasua vidato, na ngazi ikanyooka ukutani, imara, ikinuka moshi. Polikarpi hajaigusa. Nyonga ilimlaza miezi mitatu, kahawa ikavunwa bila yeye, na miguu imekakamaa. Mimi nimechoka kumbembeleza, na matumaini yameniisha.

Wiki iliyopita aliniomba nigeuze kitanda, asiwe anaiona ile ngazi. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni, akisikia. Nikakigeuza.