Homa ya Picha Nyekundu

Asubuhi moja mfagizi wa ukumbi wa maonyesho alikuwa akifuta vumbi kwenye fremu. Alipofika kwenye ile picha kubwa nyekundu, aliondoa mkono haraka. Akaigusa tena kwa mgongo wa kiganja, kama mzazi anavyompima mtoto kwenye paji la uso, kisha akamwita msimamizi.

"Mama, hii picha ina homa."

Msimamizi alileta kipimajoto, akakibana kwenye kona ya turubai, akasubiri.

"Thelathini na tisa," akasema. "Isogezeni mbali na zile za bluu, zisije zikaambukizwa."

Halafu akampigia simu mchoraji.

Mchoraji alikuja na viatu vyake vyenye madoa. Picha zake hazikuwa na watu wala nyumba. Zilikuwa rangi tupu, iliyopakwa nene na kukwaruzwa hadi mtu akatamani kuipapasa. Wageni wakimuuliza maana yake, aliwajibu kwamba rangi haielezwi, inasikika mwilini. Kukwaruza huko alifundishwa na kaka yake, fundi wa plasta, aliyempa mwiko wa kwanza na kumwonyesha namna ya kuuvuta ukutani bila kuukandamiza.

Hii nyekundu aliichora wakati kaka yake anaumwa. Shemeji yake, mke wa kaka, alikuwa akipiga simu: homa haishuki, anakuulizia, njoo. Kila alipokata simu, mchoraji alisikia kitu kizito kimemkaba kifuani, akaona kitamfaa, akakiwahisha kwenye turubai kabla hakijapoa. Alijiambia kwamba rangi ikikauka atakwenda. Rangi ya mafuta hukauka polepole. Ilipokauka, kaka alikuwa ameshazikwa.

Sasa alisimama mbele ya picha, mikono mfukoni.

"Huwa zinafanya hivi?" msimamizi akamuuliza.

"Hapana. Ni hii tu."

"Basi tafuta mtu anayejua kuuguza. Jioni tuna wageni."

Aliyemjua ni mmoja. Shemeji alikuja na beseni na kitambaa. Alipapasa ule uvimbe wa rangi katikati ya picha, akaguna.

"Ndiyo yenyewe hii. Ilikuwa inaanzia hapahapa kifuani, halafu inapanda."

Akakunja mikono ya gauni, akaanza kuikanda. Mfagizi akawa anambadilishia maji. Taratibu rangi ikaacha kuhema.

"Shemeji," mchoraji akasema, "mimi nilitaka kuja."

"Najua. Ulisema." Akakamua kitambaa. "Hebu shika wewe, mkono umechoka."

Mchoraji alikipokea, akakiweka juu ya picha kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Mvuke ukafuka. Picha ikaanza kutetemeka hadi fremu ikagonga ukuta. Shemeji akamnyang'anya kitambaa.

"Haijauzoea mkono wako," akasema. Hakuwa na hasira, na mchoraji alitamani angekuwa nayo.

Jioni wageni walikuja, wakatazama, wakanywa chai. Daktari wa meno aliinunua ile nyekundu, kwa sababu sebuleni kwake kuna baridi. Msimamizi alimweleza masharti: ikandwe kwa maji ya vuguvugu, isifunikwe blanketi, isiachwe peke yake ikianza kuweweseka. Shemeji alisema atakuwa anapitia huko kila akitoka kazini. Daktari akashukuru, akasema nafasi ya kukaa ipo.

Watu walipotawanyika, mchoraji alikuwa amejiandaa kumwambia shemeji yake kwamba atamsindikiza, kwamba watoto hajawaona tangu msiba. Lakini shemeji alikuwa amekamua kitambaa kwa mara ya mwisho, na maji ya beseni yalikuwa yamegeuka rangi fulani, wekundu uliofifia ukaingia kijivu, ambayo mchoraji alikuwa ameitafuta miaka na miaka bila kuipata.

"Hayo maji unayamwaga?" akauliza.

Shemeji alimtazama. Akayatazama maji. Akamsukumia beseni.

"Chukua."

Mchoraji aliondoka nalo kwa miguu, ameliinamia maji yasimwagike. Aibu ilimpanda njia nzima, kuanzia tumboni hadi masikioni, moto kabisa. Mchoraji aliisikiliza vizuri, apate kujua ataanza kuipaka upande gani wa turubai.