Zamu ya Kusoma

Kila siku saa tatu kamili asubuhi naita mahudhurio. Naandika majina ya watu kumi na mmoja tuliobaki, jina chini ya jina, na kila aliyekwisha kusalimia namwekea alama ya vema. Kisha natuma kwenye kundi letu la WhatsApp. Kundi nililiita Darasa la Jioni kwa sababu ndivyo tulivyo: wanafunzi wa kisomo cha watu wazima pale Iyula, mwaka 1974, tuliojifunza kusoma na kuandika tukiwa tayari na mashamba yetu, na baadhi ya kina mama wakiwa na watoto mgongoni.

Wajukuu wangu wananiona mzee wa ajabu. Hawajui kwamba mtu aliyezijua herufi akiwa na miaka kumi na tisa hazichezei. Mimi Nathanaeli Nzunda nilitoka darasa lile nikawa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mkulima wa kahawa aliyewahi kunilalamikia kwamba nimekosea jina lake. Hadi leo kamusi iko kando ya kitanda changu. Kila wiki najifunza maneno matano mapya.

Kwa hiyo kundi letu lina sheria, na sheria nilizitunga mimi. Salamu itumwe kabla ya saa tatu. Maneno yaandikwe kamili, bila kukatwakatwa kama wafanyavyo vijana. Na hakuna ujumbe wa sauti. Siku ya kwanza niliwaandikia hivi: "Sauti tulizaliwa nazo. Kuandika tulikutafuta."

Asubuhi zetu huwa hivi:

"Habari za kuamka. Iyula mvua imenyesha tangu alfajiri, kahawa imechanua shamba zima." Huyo ni mimi.

"Huku Galula jua limeamka kabla yangu. Goti la kushoto linauma, la kulia linamcheka mwenzake." Huyo ni Zabron, ambaye hata darasani alikuwa akitolewa nje kwa utani.

"Mwashibukeni mukwai. Malori yamepanga foleni mpaka mlangoni kwangu. Vitumbua vimekwisha kabla ya saa mbili." Huyo ni Elina wa Tunduma. Amewauzia madereva wa Zambia kwa miaka mingi, sasa anatuamkia Kibemba hata sisi.

"Binti yangu bado hajajifungua. Mkunga anasema ni wiki hii." Hezron wa Vwawa.

"Mtoto anasubiri babu yake anyoe ndevu kwanza." Zabron tena.

Ndiyo mazungumzo yetu. Mvua, magoti, wajukuu, nani kapika nini. Mtu mwingine atasema ni mambo madogo. Lakini yameandikwa na watu ambao zamani walikuwa wakitia dole gumba kwenye wino, na mimi kila nikiyasoma kifua kinajaa.

Mwaka huu, mavuno ya kahawa yalipoanza, Restuta alianza kutuma sauti.

Restuta ndiye aliyekuwa wa kwanza kusoma katika darasa letu. Mwalimu alikuwa na utaratibu wake: kila jioni mmoja alisimama na kusoma ukurasa kwa sauti, wengine tulisikiliza na kufuata kwa kidole. Hiyo iliitwa zamu ya kusoma. Miezi ya mwanzo zamu zote zilikuwa za Restuta, maana hakukuwa na mwingine aliyeweza. Baadaye aliolewa Mbebe, kule milimani Ileje, na sasa ni mjane anayeishi na mkwewe Gloria. Kati yetu sote, yeye ndiye sikutarajia avunje sheria.

"Hamjambo wenzangu," sauti yake ilisema. "Mbebe ni baridi, nimejifunika blanketi mbili."

Nikamwandikia: "Dada Restuta, hapa tunaandika."

Hakujibu. Kesho yake, sauti tena. Nikaandika kwa herufi kubwa. Siku ya tatu, sauti.

"Bwana Karani," Zabron akaandika, "gunia la Mbebe halitaki kupanda mizani yako."

Wote walicheka kwa zile sura za njano. Mimi sikucheka. Niliona ni kiburi, na kiburi cha mtu anayejua kuliko wewe kinauma zaidi.

Ikaendelea hivyo kwa miezi, mpaka likaja la Hezron. Alhamisi moja alituma picha ya kaka yake, amevaa suti, na chini yake habari kwamba amefariki usiku huo Nakonde na maziko ni Jumamosi. Salamu za pole zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine. Katikati yake ikaingia sauti ya Restuta, yenye furaha:

"Hongera sana Hezron, hongera. Picha nimeiona, Mungu ni mwema. Sasa na ndevu unyoe."

Mimi nilibonyeza jina la Restuta, nikabonyeza pale palipoandikwa "Ondoa". Sikusita. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri, kama siku zile nilipokuwa nikirudisha gunia la kahawa isiyokauka, mwenye gunia akinung'unika na mimi nikiwa nimesimama wima.

Asubuhi ya pili mahudhurio yalikuwa na majina kumi. Saa tatu na dakika tano Elina akanipigia simu.

"Kaka Nathanaeli, ulimwuliza?"

"Kumwuliza nini? Kamtukana mfiwa."

"Restuta amtukane mfiwa? Restuta huyu aliyemsomea mama yako barua zako kutoka Mbeya?"

Nilivuta kiti nikakaa.

"Wewe unayeita majina kila siku," Elina akaendelea, "hebu tazama mara ya mwisho ameandika lini, na ameandika nini. Mimi niko na wateja, nakuacha."

Nilivaa miwani, nikarudi nyuma kwenye simu, wiki kwa wiki. Mwezi wa nne Restuta aliandika vizuri. Mwezi wa tano maneno yalianza kukosa herufi. Mwezi wa sita alituma mstari mmoja ambao haukuwa na neno hata moja linalosomeka, na chini yake mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika: "Dada, siku hizi unaandika kama mgeni wa kalamu." Baada ya hapo hakuna herufi. Sauti tu. Na kila nilipomkemea, nilimkemea kwa maandishi.

Miaka ishirini na sita nimesoma mizani bila kukosea, na hilo sikuliona.

Jumatatu, tuliporudi kutoka maziko, sikwenda nyumbani. Nilipanda gari la Ileje, kisha pikipiki mpaka Mbebe. Gloria alinipokea akanionyesha nyuma ya nyumba. Restuta alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Vidole vilikuwa vinatembea juu ya maharage, mabovu yakitupwa pembeni bila kosa. Uso wake ulikuwa umeelekea mlimani.

"Nani huyo anakohoa kama mtu wa Iyula?"

"Ni mimi. Nathanaeli."

"Ah. Umekuja kunitoa na hapa pia?"

Nilikaa kwenye gogo. Niliomba radhi. Si kazi ninayoijua sana, kwa hiyo niliifanya kwa maneno machache. Yeye aliendelea kuchambua.

"Ni presha ya macho," akasema. "Daktari amesema kilichokwisha kuliwa hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Naona mwanga. Naona kwamba mtu yupo. Siku ile niliona picha kama kivuli, nikajua ni mtoto wa binti wa Hezron. Gloria alikuwa shambani, hakukuwa na wa kunisomea."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme ili iwe nini? Mniandikie pole, pole, pole, watu kumi, na hizo pole zenyewe nisizione?" Akatupa harage bovu. "Katika darasa lile mimi ndiye niliyesoma, Nathanaeli. Sikuwa na shamba la maana, sikuwa na ng'ombe. Nilikuwa na hilo tu. Niache nitoke nalo."

"Rudi. Mimi nitakusomea kila siku."

"Kama mtoto."

"Kama ulivyonisomea mimi."

Hapo alicheka, na hakikuwa kicheko cha kunifurahisha.

"Wewe? Wewe ulikuwa unasoma mwenyewe. Wiki tatu nzima ulishika kitabu cha kilimo kichwa chini. Nilikuwa nakuona kutoka mbele. Kidole kinatembea, kichwa unatikisa kama mtu anayekubaliana na mambo."

Nilihisi masikio yanawaka moto, mzee wa miaka sabini. Jambo hilo nilidhani hakuna mtu duniani anayelijua.

"Hukumwambia yeyote," nikasema.

"Ningemwambia nani? Ulikuwa na bidii."

Kuku walikuwa wanagombania mabovu yaliyotupwa. Nikaelewa kwamba miaka hamsini mwanamke huyu alikuwa amebeba aibu yangu bila kuionyesha hata kwa Zabron, ambaye angeifanyia utani mpaka leo. Nikajua pia nifanye nini.

"Nitarudisha zamu ya kusoma," nikamwambia. "Kila wiki mtu mmoja. Saa tatu na nusu anasoma salamu zote kwa sauti na kuzituma, tupate kusikiana kama zamani. Wiki ya kwanza ni yangu. Sababu sitaitaja kwa mtu."

"Na sheria yako ya sauti?"

"Niliitunga mimi, naitungua mimi."

Vidole vyake vilisimama. "Na zamu yangu ikifika?"

Nikaanza kuhesabu majina kwa sauti, nikitafuta pa kuisogeza.

"Usinivushe," akasema. "Ukinivusha hata wiki moja, watajua. Na mimi nitajua. Nipe zamu kama mtu mwingine. Sasa nipigie huyo Hezron."

Nilimpigia kwa spika, nikampa simu.

"Hezron, ni Restuta. Ile hongera ilikuwa ya mtoto. Nilichanganya picha, macho yangu si mazuri. Nisamehe, ndugu yangu."

"Mtoto naye amekuja," Hezron akasema. "Jana jioni, wa kiume. Basi hongera yako naipokea, ilitangulia tu. Ila ndevu sinyoi."

Nilimrudisha kwenye kundi palepale, nikiwa nimekaa kwenye gogo lake.

Wiki ya kwanza nilisoma mimi. Sikuwa nimewahi kutuma sauti maishani, na niliposikiliza niligundua kwamba nakohoa kweli kama mtu wa Iyula. Jioni Restuta alijibu kwa sauti yake: "Umesoma vizuri, Bwana Karani. Kwenye nukta pumzika." Wiki ya pili alisoma Elina, malori yakipiga honi nyuma yake. Zabron aliposoma ya kwake aliongeza maneno ambayo hakuna aliyeyaandika, nikamwonya.

Wiki ya nne ilikuwa ya Restuta.

Jumatatu hiyo nilikaa mezani, simu mbele yangu, kalamu mkononi. Salamu ziliingia kama kawaida, kumi za maandishi na yake ya sauti. Zabron alikuwa ameandika mstari mrefu kuliko siku zote, habari za mjukuu wake aliyeuza pikipiki akanunua nguruwe saba, na majina ya nguruwe wote saba. Nilitamani nimfinye. Saa tatu na nusu ilifika, haikuja sauti. Saa nne kasoro robo, hakuna. Zabron akaandika: "Msomaji amelala?"

Saa nne kasoro dakika tano, sauti ikaingia. Dakika sita.

Niliyatuma maandishi yote kwenye simu ya mke wangu ili nifuate kwa kidole, na sauti nikaicheza kwenye yangu. Alianza na salamu yangu, mvua na palizi. Akapita kwa Elina na Kibemba chake. Akapita kwa Hezron na mtoto. Akafika kwa Zabron, akawataja nguruwe mmoja mmoja, kwa mpangilio, akapumzika kwenye kila mkato. Kidole changu kilitembea mpaka salamu ya kumi, na hakuna neno hata moja lililokosekana. Mwisho akasema salamu yake mwenyewe, kwamba Mbebe kumepambazuka vizuri.

Baadaye Gloria aliniambia: alimsomea mama mkwe wake zote mara mbili tu, kisha mama akamtuma nje kuchota maji, akabaki ndani peke yake na simu.

Siku ya Ijumaa Restuta alipomaliza zamu yake aliongeza: "Wenzangu, nimesoma wiki nzima na macho yangu hayaoni herufi tangu mwezi wa sita. Nimewaambia baada ya kazi, si kabla. Pole sitaki. Atakayetaka kusema kitu aseme kama nimekosea."

Hakuna aliyeandika pole. Wa kwanza kuandika alikuwa Zabron:

"Nguruwe wa tano umemtaja sawasawa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsahau."

Nimeandika haya kwa idhini yake. Nilimsomea kwa simu mara mbili, akanirekebisha mahali pawili, na akasema ile ya kitabu kichwa chini isifutwe. Sikuifuta. Kesho saa tatu kamili nitaita mahudhurio, majina kumi na moja, na la kwanza ninaliandika lake.