Misalaba Minne Kwenye Picha ya Oswaldi

Mjukuu wangu Fortunata anafanya kazi kwenye duka la stika pale Katandala. Wanachapa majina ya bodaboda, wanachapa nembo za shule, na kwa kuwa marehemu nao wana haki yao, wanachapa picha za makaburini. Ijumaa hiyo alikuwa amemchapa babu yake, Oswaldi wangu, aliyetimiza mwaka tangu tumzike kule Izia. Kesho yake asubuhi padri alikuwa anakuja kubariki msalaba wa vigae, na picha ilitakiwa iwe imeshabandikwa.

"Shikamoo, mke mwenzangu," Fortunata akaniamkia nilipoingia.

"Marahaba. Mume wetu yuko wapi?"

"Huyu hapa, anakausha wino. Usimguse, atanikasirikia."

Nikamtazama. Alikuwa amevaa lile koti la harusi ya mdogo wake, anacheka na pengo lake. Chini yake jina, herufi nyekundu zenye ukingo wa dhahabu. Fortunata akanieleza kwamba mashine ya kukata ingemzunguka kichwa na mabega kwa kisu kidogo, kisha ingezunguka kila herufi. Kisu kinakata ngozi ya juu tu, karatasi ya chini inabaki nzima. Mkasi wa mtu hauwezi kazi hiyo.

"Na ndiyo karatasi yetu ya mwisho, bibi. Roli imeisha. Bosi wangu Lazaro amefuata nyingine Mbeya, atarudi Jumapili."

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

"Jicho moja, jino moja, hutafuna mchana kutwa wala hamezi."

"Aa, hiyo ni mashine yangu! Rahisi mno, bibi. Leo umezeeka."

Kweli ina jicho. Ni kitaa chekundu kinachotangulia kuichungulia karatasi, ndipo jino linaposhuka. Mimi nilikijua kitaa hicho siku nyingi, ila sikuwahi kuuliza kinachungulia nini. Kosa langu lilianzia hapo.

Mteja akaita nje, pikipiki yake inataka kubandikwa jina. Fortunata akatoka. Nikabaki na mume wangu, nikainama nimwone vizuri, na hapo ndipo nilipoiona: misalaba midogo myeusi, mmoja kila pembe ya karatasi. Minne.

Nikajivuta nyuma. Kwa mama yangu ilikuwa mwiko kuacha msalaba usio na mwenyewe. Fundi akikosea akachonga miwili kwa msiba mmoja, wa pili ulichomwa kabla jua halijazama, la sivyo ungejitafutia mtu. Sasa hapa mfu mmoja, misalaba minne imemzunguka. Na nyumbani kwetu, tangu Oswaldi aondoke, tumebaki wanne: mimi, Fortunata, na watoto wake, Enock na Rahel.

Sikufikiri. Nilichukua mkasi mezani nikazikata pembe zote nne, taratibu, nisimguse Oswaldi. Kuzitupa nikashindwa, maana msalaba ni msalaba. Nikazilaza ndani ya kitabu changu cha sala.

Fortunata aliporudi akasimama mlangoni.

"Bibi! Nani amekata hizi?"

"Mimi. Zilikuwa na misalaba."

"Bibi, jamani! Ndizo alama linazozitafuta jicho! Bila hizo mashine haijui babu yuko wapi. Kisu kitashuka popote. Kitampita machoni."

Niliketi kwenye kreti ya soda. Nikakiona kisu kinampita Oswaldi machoni, halafu padri anakuja, watu wamejaa, nasi tunamwonyesha uso uliochanwa.

"Ziko wapi?"

Nikakikumbatia kitabu. "Fortunata, sisi tuko wanne."

"Wanne nini?"

Nikamweleza. Nilidhani atanicheka, maana huyu hucheka hata matangani. Hakucheka. Akajifuta mikono kwenye sketi, mara mbili.

"Enock alikohoa jana," akasema. "Bibi, kwa nini umeniambia? Mimi ndiye nitakayebonyeza."

Nje yule wa pikipiki anapiga honi aone kama jina lake halitikisiki.

"Tumwache babu bila sura?" akauliza.

"Hapana. Mwaka mzima kaburi lake halina jina."

"Basi sikiliza. Hiyo misalaba ni ya karatasi, haikuchapwa kwa ajili ya mtu."

"Karatasi haifi. Msalaba wake wa nini?"

"Ndiyo nakwambia. Haifi. Toa."

Alisema hivyo huku akinyoosha mkono. Nikafungua kitabu. Akazirudisha pembe moja moja, ukingo kwa ukingo, akazibana kwa utepe wa gundi upande wa chini. "Ikisogea unywele," akanong'ona, "na kisu kinasogea unywele."

Mashine ikaivuta karatasi. Kitaa chekundu kikaenda pembe ya kwanza, kikasimama, kikauona msalaba. Moyoni nilikuwa nimeshaigawa, sijui kwa nini. Wa kwanza wangu. Wa pili wa Fortunata. Wa tatu wa Enock, kikauona nao. Wa nne, wa Rahel, kikaupita. Kikarudi. Kikaupita tena, mashine ikalia.

"Jua la dirishani linaupiga," Fortunata akasema. "Bibi, simama hapo, tandaza kitenge, uzibe."

Nikasimama na kitenge changu, mikono imenyooka. Kivuli kikaanguka kwenye pembe ile na kwenye uso wa Oswaldi pia. Kitaa kikaja mara ya tatu. Nilimwomba Mungu kisiuone msalaba ule, na papo hapo nilimwomba kiuone.

Kikasimama. Kikauona.

Jino likashuka. Likaanza begani, likapanda shingoni. Lilipofika sikioni nilifumba macho, nikasikia sauti yake tu, kama panya kwenye kihenge. Mikono ikaniuma, sikuishusha. Likanyamaza. Likaanza upya kwenye herufi.

"Fumbua, bibi."

Macho mazima. Pengo zima. Upande wa kushoto wa shingo ulibaki na uzi mweupe, mwembamba, pale kisu kilipopotea unywele ule. Fortunata akapitisha kidole juu yake.

"Haonekani vibaya," nikasema.

"Hapana."

Nikakishusha kitenge.

"Mpigie Evodia," nikamwambia. Evodia ni jirani yetu, ndiye tuliyemwachia watoto.

Simu ikaita mpaka ikakata. Fortunata akapiga tena, akafungua spika, na mkono wake mwingine ukanishika kifundo cha mkono. Ikaita, ikaita.

"Haloo?" Evodia huyo, anahema. "Nilikuwa nje nachota maji. Kuna nini?"

"Watoto wako wapi?"

"Mmoja huyu hapa, anakula."

"Nani?" nikapaza sauti. "Ni yupi anayekula? Na mwingine?"

"He! Bibi Albina, marahaba basi, hata salamu? Anakula Enock. Rahel yuko chooni, mnataka nikamtoe?"

"Kamtoe," Fortunata akasema. "Tunasubiri."