Korongo wa Shamba la Rajabu

Korongo walianguka kijijini Magamba asubuhi ya Jumamosi, siku ambayo Rajabu alikuwa anamwoza binti yake. Hawakutua, maana anayetua huchagua mahali. Mvua za masika ziliwakuta juu ya milima, ukungu ukawafumba macho, mabawa yakalowa, wakashuka popote ardhi ilipowapokea. Iliwapokea katikati ya kabichi za Rajabu.

Walikuwa wengi, warefu, weupe wenye ncha nyeusi za mabawa, na wamechoka hata watu wakawa wanawaendea taratibu na kuwafunika kwa magunia. Waliojifanya hodari walitumia fimbo. Jua lilikuwa halijapenya ukungu, na tayari ndege walikuwa wamefungwa miguu kwa kamba za katani, wamepangwa chini ya ukuta wa ghala. Rajabu alisimama mbele yao akitabasamu, utadhani aliwaagiza mwenyewe na mzigo umefika.

"Mbuzi tunao, na Mungu ametuongezea," alisema. "Kamwiteni Kisu."

Kisu alikuwa mtu. Jina lake Yassin, na alikuwa mchinjaji wa pale kwa miaka mingi. Magamba kuna Waislamu wanaolima mboga, na kuna Wakristo waliotoka kila mkoa kuja kufanya kazi za msitu. Ili kwenye sherehe wote wale chungu kimoja, kila mnyama huchinjwa na Mwislamu anayeaminiwa na pande zote. Hakuna aliyeliandika jambo hilo popote, lakini Yassin asipopitisha kisu chake, nyama haiingii jikoni. Ungedhani mtu wa namna hiyo ana heshima kubwa. Wapi! Watu humkumbuka nyama ikiwa bado imesimama kwa miguu yake, wakishashiba wanamsahau. Anapewa shingo na ujira kidogo, anaambiwa asante, anarudi kwake. Hata siku moja hakuwahi kuulizwa kama anataka.

Alipoitwa alikuwa amemaliza chai na mke wake, Mariamu. Alinolea kisu nyumbani kama kawaida yake, maana hakuwahi kumnolea mnyama kisu mbele ya macho. Alijua anakwenda kuchinja mbuzi. Alipozunguka kona ya ghala na kuwaona korongo, alisimama palepale.

Aliwafahamu. Kila mwaka mvua zinapokaribia, yeye na Mariamu huwaona wakipita juu ya ukingo wa milima, wakizunguka kwenye joto linalopanda kutoka tambarare za Mombo, wakielekea kaskazini bila kupiga bawa. Mariamu huacha jembe na kusema, "Haya, mwaka mwingine tumeuona." Yassin hakuwahi kuwaona kwa karibu. Sasa mmoja alikuwa amelala ubavu miguuni pake, mdomo mwekundu umejaa tope, jicho linafumba na kufumbua.

"Mghosi, umechelewa," Rajabu alisema, akimwita mzee kwa Kishambaa. "Anza na hawa. Mbuzi baadaye."

"Hawa sichinji."

Rajabu alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Hawa sichinji. Nileteeni mbuzi."

"Kwani wana ugonjwa?"

"Hawana."

"Dini inakataza?"

"Sijui, mimi si shehe. Nasema mimi Yassin, sichinji msafiri aliyeanguka njiani kwa uchovu."

Rajabu alicheka, akawageukia watu ili wacheke naye, na baadhi yao wakacheka. "Msafiri! Hawa ni ndege, Mghosi. Tena wameanguka shambani kwangu. Kilichopo shambani kwangu ni changu."

"Shamba ni lako. Mbingu ulinunua lini?"

Safari hii walicheka wote, na Rajabu peke yake ndiye hakucheka. Alisogea, akashusha sauti, lakini si kiasi cha watu kutosikia. "Sikiliza. Kazi yako wewe ni kukata. Kuamua tuachie wenyewe."

Hapo ndipo Yassin alipopandwa na hasira, hasira kongwe ambayo hata yeye hakujua kwamba alikuwa ameiweka.

"Nimekata," alisema. "Mmeleta ng'ombe mwenye mimba, nimekata. Mmeleta jogoo wa watoto na watoto wenyewe wanalia pale, nimekata. Nikirudi nyumbani nakosa usingizi, mwenzangu anajua. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza, Yassin, na huyu je? Leo pia hamjaniuliza. Lakini nimejibu."

Rajabu alitoa simu, akampigia mchinjaji wa mjini Lushoto, akamwambia apande pikipiki aje upesi, nauli atalipa yeye Rajabu. Kisha akamwelekezea Yassin simu ileile usoni.

"Na wewe kazi basi kuanzia leo. Hata kuku wa mgonjwa hutamshika hapa. Nitazungumza na wazee, na unajua wananisikiliza."

Yassin alijua. Tusimpambe: aliogopa. Alimfikiria Mariamu, akafikiria bustani yao isiyotosha, na ujira ule kidogo uliowafikisha mwisho wa kila mwezi. Mdomo wake ulitaka kusema, "Haya, yaishe." Aliubana.

Rajabu hakutaka kungoja pikipiki. Alimgeukia Cosmas, mfanyakazi wa msitu aliyetoka Njombe, mtu wa kanisani, mikono mipana. "Cosmas, kwenu hamna masharti. Vunja shingo hizo tumalize."

Cosmas aliitazama mikono yake, akaitia mifukoni. "Nikivunja mimi, ndugu zako watakula? Nimekuja harusini kula na wenzangu, Bwana Rajabu. Sikuja kula peke yangu nyuma ya ghala."

Yassin alichuchumaa. Alisema Bismillahi kwa sauti, kama anavyosema siku zote, na watu wakashusha pumzi wakidhani amelegea. Akaingiza kisu katikati ya miguu ya korongo wa kwanza na kukata kamba. Akakata ya pili. Hakumtishia mtu, wala hakuhitaji. Watu wenyewe wamezoea kutousogelea mkono wa mchinjaji ukiwa kazini. Rajabu alipiga kelele ashikwe, na kila mmoja akamtazama jirani yake aanze.

Kamba zilikatika zote. Na korongo hawakuruka.

Walisimama tu pale, wamelowa, wengine kwa mguu mmoja, wanawatazama waalikwa. Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka barabarani. Mama mmoja wa jikoni alishika mbavu. "Mzee kawafungulia, wenyewe hawana habari!" Yassin alihisi masikio yanawaka moto. Angeweza kustahimili kutukanwa, lakini kuchekwa na watu aliowalisha miaka yote kulimchoma. Hata hivyo alikwenda akasimama kati ya ndege na watu, kisu amekirudisha kwenye ala, mikono ameifumbata. Cosmas alikuja kusimama ubavuni pake, na upana wake ulisaidia.

Ndipo ikasikika pikipiki huko bondeni, inanguruma, inateleza, inanguruma tena. Rajabu alitabasamu. Yassin aliwageukia ndege, akawaambia kwa Kishambaa, kwa sauti ya mtu anayemgombeza mwanawe, kwamba yeye amemaliza ya kwake na sasa wafanye ya kwao. Akaanza kuwasukuma taratibu kuelekea juu, kwenye mgongo wa shamba, pale upepo wa tambarare unapopanda.

Ukungu ulikuwa umeanza kuchanika. Jua lilipiga kabichi, na mvuke ukainuka kutoka ardhini. Korongo mmoja alifungua mabawa kuyaanika, akayatikisa, kisha akakimbia kuteremka shambani, akikanyaga kabichi kwa miguu mirefu, na watu walikuwa bado wanacheka alipoacha ardhi. Wa pili akamfuata. Baadaye walikimbia kwa makundi, Rajabu akipiga mayowe kwa kila kabichi, na pikipiki ilipoegeshwa kando ya ghala walikuwa tayari wanazunguka juu, wanapanda bila kupiga bawa.

Mchinjaji wa mjini alishuka amejaa tope mpaka kiunoni. "Ndege wako wapi?" aliuliza. Mtu mmoja alimwonyesha kwa kidole. Akachinja mbuzi, na shingo akapewa yeye.

Lakini mmoja alibaki. Fimbo ilikuwa imemvunja bawa, akawa anaruka hatua na kuanguka. Rajabu alimwona.

"Huyo basi ni wangu."

Yassin alivua koti, akamfunika yule ndege na kumbeba kwapani, kichwa kimejitokeza mbele. Njia ya uchochoroni ilikuwepo, akaikataa. Alipita katikati ya turubai la harusi, mbele ya viti vya wazee, akawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na mdomo mwekundu ukiwaelekea kila alipogeuka. Wazee waliitika marahaba. Wangefanya nini?

Mariamu alikuwa mlangoni. "Shingo iko wapi?"

"Leo nimekuja na shingo na mwenye shingo."

Mke wake hakucheka. Yassin alimweleza yote, hata neno la kuachishwa kazi. Mariamu alimtazama ndege, na Yassin alikuwa tayari kulaumiwa kwa sababu mke wake alikuwa na haki ya kumlaumu.

"Basi tutakula maharage," Mariamu alisema hatimaye. Akachana kitenge cha zamani kupata utepe wa kufunga bawa.

Walikula maharage, kweli, wiki hiyo na nyingine baada yake, na si kila siku walikula wakiwa wanazungumza. Korongo alitembea uani akiokota panzi na funza, akimfukuza paka. Rajabu alipita pale kila siku akienda sokoni, na kila siku alilazimika kumwona. Mchinjaji wa mjini alikuja kwa harusi kubwa; kwa kuku wa hapa na mbuzi wa hitima ya pale alisema njia ni mbaya. Watu walinong'ona, na waliyemnong'ona hakuwa Yassin, bali Rajabu.

Asubuhi moja Rajabu alisimama nje ya uzio. Alijikohoza.

"Huyo ndege wako ataondoka lini?"

"Muulize," Yassin alisema bila kuinua kichwa.

Rajabu hakuondoka. Aligusa uzio, akaangalia barabara huku na huku, alipoona hapiti mtu akasema haraka, "Ijumaa tuna hitima ya mama. Kuna mbuzi. Je, Yassin... utapenda kutuchinjia?"

Yassin alimtupia korongo panzi. Ndege alimdaka, akainua kichwa juu, akameza.

"Nimesikia," alisema. "Nitafikiri. Njoo kesho."