Sawa ya Kufukuzia Kuku

Mashine ilimfuta mke wa fundi makochi, na mahali pake ikaweka daktari anayekamua majipu.

Hakuna namna nyingine ya kulisema. Mke alikuwa ndani ya king'amuzi, kile cha kurekodi, kilichokaa chini ya televisheni sebuleni. Alikuwa ameshakufa, ameshazikwa, lakini mle ndani alikuwa bado anaongea. Ilikuwa taarifa fupi katika kipindi cha kero za mitaa. Mtaro wa maji machafu ulikuwa umepasuka nyuma ya nyumba yao, kinyesi kinaelea mpaka vibarazani, akaja mtangazaji kijana aliyevaa viatu vyeupe, maskini, siku ya namna hiyo. Akamkuta mke wa fundi amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama, unajisikiaje kuishi na harufu hii?"

"Najisikiaje? Kwani wewe huna pua? Vuta pumzi, kisha ujijibu mwenyewe."

Waliosimama nyuma wakaangua kicheko. Yeye naye akacheka, akaziba mdomo kwa mkono kuficha pengo la jino, kisha akasema, "Nimemaliza, zima hiyo. Nina sufuria jikoni." Akageuka, akaingia ndani. Kwisha.

Aliyeirekodi ni mdogo wake wa kiume, shemeji wa fundi, ambaye kazi yake ni kuuza na kufunga ving'amuzi. Mtaa mzima ulimwita Rimoti, kwa sababu hawezi kukaa kwenye habari moja. Unamweleza msiba, yeye ameshahamia kwenye mpira. Siku ile alibonyeza kitufe kwa utani, ili amcheke dada yake. Hakuna aliyejua kwamba ndiyo itakuwa sauti pekee ya yule mama iliyobaki duniani. Picha zake zilikuwepo, za harusi na za vitambulisho, lakini picha zimefunga midomo.

Fundi na mkewe walikuwa na mtoto mmoja, binti, muuguzi, aliyefanya kazi mbali. Alipokuja kwenye mazishi, baba yake alitaka kumwekea ile taarifa. Binti akamshika mkono.

"Sasa hivi siwezi, Baba. Nikimsikia nitapasuka. Niwekee. Nitakuja nikiwa tayari."

"Nimekuwekea, mwanangu. Haendi popote."

Hiyo ndiyo ahadi. Ishikeni, kwa sababu habari yote inaning'inia hapo.

Basi fundi akawa anarudi kutoka karakana jioni, vumbi la sponji kichwani, anaoga, anakaa, anamtazama mkewe. Anamsikiliza mpaka kwenye sufuria, anarudisha nyuma, anamsikiliza tena. Jioni moja, kabla taarifa haijaanza, skrini ikatoa maandishi: *Unakipenda kipindi hiki. Tukurekodie vyote vinavyofanana nacho?* Chini kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa *Sawa*, kimewaka, kikubwa kama sahani. Kingine *Hapana*, kidogo, kimefifia, kama kinaona haya kuwepo.

Fundi akabonyeza *Sawa*.

Hapa lazima mfahamu sawa ya fundi ilikuwa sawa ya aina gani. Mteja akimsumbua kwamba anataka kochi kesho, fundi husema sawa. Mhubiri akigonga mlango, sawa. Wote tunafanya hivyo. Sawa maana yake nimekusikia, niondokee. Mkewe aliijua vizuri. Akimwambia apige rangi dari na yeye akajibu sawa, mama huyo husimama mbele yake na kumtazama usoni. "Hiyo ni sawa ya kweli au ya kufukuzia kuku?" Na fundi hucheka, kwa sababu ilikuwa ya kufukuzia kuku.

Mashine haikuuliza hiyo ni sawa gani. Ilichukua ile moja na kuanza kazi.

Na ikafanya kazi kama mwendawazimu. Kumbe kwa akili yake, kama ile ni akili, fundi hakuwa mtu anayempenda mkewe. Alikuwa mtu anayependa kinyesi. Ndicho ilichokiona: kila jioni mzee huyu anarudia mtaro uliopasuka. Basi ikamtafutia. Kipindi cha wazibua vyoo. Kipindi cha nyumba ambazo hazijafagiliwa tangu wenyewe wahamie, mende wanatembea juu ya mswaki. Kipindi cha minyoo inayotolewa kwenye jicho la mtu. Halafu yule daktari. Huyo alikuwa na kipindi chake mwenyewe, kila siku na marudio, anakamua majipu ya watu migongoni, na kamera imesogezwa mpaka unaona tundu linavyofunguka na ule uji wa njano unavyotoka kama dawa ya meno. Na mgonjwa anatabasamu. Na daktari anasema, "Safi sana!"

Fundi si mtu wa kuona kinyaa ovyo. Amefungua makochi ya watu maisha yake yote. Anajua wageni wa heshima wanakalia nini. Amekuta viota vya panya wenye vichanga, meno ya bandia, nepi. Lakini uchafu wa kochi ni wa watu waliousahau. Huu wa kwenye televisheni ni wa watu walioupiga picha, wakaupangia muziki, wakamletea sebuleni bila kuagizwa.

Siku moja mteja wake mmoja, mama mnene mcheshi, alifika kuulizia viti vyake. Fundi alipokwenda jikoni kumletea maji, mama yule akashika rimoti kutafuta tamthilia. Fundi aliporudi alimkuta ameshika kifua.

"Fundi! Kumbe ndiyo mambo yako haya?"

"Mambo gani?"

"Majipu! Majipu matupu! Choo, minyoo, majipu, majipu ya kwapani! Mwanamume mzima mjane, nikadhani ukikaa peke yako unatazama wanawake. Afadhali ungetazama wanawake!"

"Inarekodi yenyewe."

"Eti yenyewe. Na mume wangu zile chupa zinajinunua zenyewe." Akasukuma glasi ya maji pembeni, hakuinywa. "Viti vyangu, tafadhali, usivishike kabla hujanawa."

Alicheka, lakini hakukaa tena kwenye lile kochi. Habari ilifika sokoni kabla yake.

Jioni hiyo fundi akakaa kumtazama mkewe ili asafishe macho. Ilibidi ateremke kwenye orodha ndefu, jipu baada ya jipu, mpaka chini kabisa alikokuwa mke, wa mwisho, kama mtu aliyesukumwa ukutani. Akambonyeza. Mke akatokea mlangoni na mwiko wake. Mara, katikati ya "vuta pumzi", maandishi yakaja tena, na safari hii yalimkaa mama usoni, yakaziba mdomo wake wote: *Nafasi inakaribia kujaa. Vya zamani vitaondolewa vyenyewe kupisha vipya.* Na chini yake, kitufe kimoja tu. *Sawa.*

Fundi hakusoma. Aliona kitu kimekalia mdomo wa mkewe. Akabonyeza haraka, kama unavyofukuza nzi kwenye uso wa mtoto aliyelala. "Sawa, sawa, ondoka." Maandishi yakaondoka. Mke akamaliza kusema, akaenda kwenye sufuria yake.

Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Kwa sababu baada ya hapo fundi alichoka. Kila akiwasha, kabla hajafika kwa mkewe lazima apite kwa daktari, na picha ndogo za migongo ya watu zinacheza zenyewe njiani. Alianza kuhisi kwamba anamtembelea mkewe kwenye choo cha stendi. Akachukua kipande cha kitambaa cha makochi, kizito, cha kahawia, akafunika televisheni na king'amuzi chake. Alisema moyoni: atakaa humo kwa heshima, mpaka mtoto aje. Chini ya kitambaa taa nyekundu iliendelea kuwaka. Mashine haikuwa imechoka.

Binti akaja. Alikuwa amenenepa usoni, anacheka, amebeba mimba ya kwanza. Alikula, akaoga, akaja kukaa sakafuni kati ya miguu ya baba yake kama alivyozoea utotoni.

"Baba, niko tayari. Nataka na huyu amsikie bibi yake."

Fundi akavua kitambaa kama anayefunua chakula cha mgeni. Akawasha. Akateremka chini, haraka haraka, akimwambia binti asitazame, fumba macho, kuna takataka hapa njiani. Akafika mwisho wa orodha. Mwisho wa orodha palikuwa na jipu. Akapanda juu, akashuka tena. Jipu.

"Bado nifumbe, Baba?"

Binti akafumbua macho. Kwenye skrini ile picha ndogo ilikuwa imeshaanza kucheza yenyewe: shingo ya mtu, vidole vyenye glavu, ule uji. Binti alikuwa muuguzi, amekamua mengi kwa mikono yake, lakini mimba ni mimba. Aliziba mdomo, akakimbilia uani. Fundi alibaki na rimoti mkononi, anamsikia mwanawe akitapika, na daktari anasema, "Safi sana!"

Rimoti aliitwa. Akaja na kibegi chake cha vifaa, akabonyezabonyeza, akakuna kichwa.

"Imejifuta, shemeji. Ndivyo ilivyoundwa. Ikijaa, inatoa cha zamani."

"Nani aliiambia?"

"Wewe. Ona hapa, umekubali. Mara mbili."

"Nilisema sawa."

"Ndiyo hivyo, umekubali."

"Nilisema *sawa*, wewe! Si kwamba nilikubali!"

Rimoti akamtazama kama mtu aliyesikia kelele za mota mbovu. "Sasa shemeji, mashine itajuaje? Na mbona hukuiwekea kufuli? Kuna alama ya kufuli pale. Ungebonyeza tu, isingeguswa."

"Kufuli? Dada yako ni baiskeli?"

"Mimi nakueleza kitaalamu."

"Ulinieleza lini? Siku uliyoifunga ulinieleza habari za mpira!"

"Lakini kwa kweli hiki cha kurekodi chenyewe ni kizuri, wateja wengi wanakisifia, tena kuna kipya kimeingia kinarekodi vinne kwa…"

"Mjomba," binti akasema taratibu kutoka kwenye kochi, "tafadhali nyamaza."

Rimoti akapiga simu kituo cha televisheni, angalau hilo alilifanya. Wakamwambia kipindi kile walishakiacha na kanda zake hazikutunzwa. Watu siku hizi hawapendi kero za mitaa. Binti akatafuta mtandaoni mpaka simu ikapata moto. Alipata mitaro mingi. Hakumpata mama.

Rimoti alipoondoka, fundi akaleta bisibisi kutoka karakana. Alijua haina maana, lakini mikono yake ilikuwa na mazoea yake. Kochi humeza vitu, pete, picha, barua za mapenzi, ukilifungua, unavikuta. Akafungua mfuniko wa king'amuzi. Ndani kulikuwa na joto, na kwenye lile joto mende walikuwa wamejenga mji. Mayai yao yamejipanga kwenye kona, wakubwa wakakimbia huku na huku, mmoja akapanda kwenye kidole chake. Katikati yao palikuwa na kibati kinachong'aa, kimefungwa pande zote, hakina mdomo wala mshono wa kufumua. Basi humo ndimo alimokuwa mkewe. Fundi hakutapika. Alirudisha mfuniko, akakaza parafujo zote kama zilivyokuwa, akakitoa kile king'amuzi nje, akakiweka kando ya mtaro.

Akarudi, akakaa. Binti akalaza kichwa kwenye goti lake.

"Alisemaje, Baba? Niambie wewe."

Fundi akasafisha koo. "Yule kijana alimuuliza anajisikiaje. Akasema, 'Najisikiaje? Kwani wewe huna pua?'" Akaishia hapo. Maneno yalikuwa yenyewe, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyemeza vumbi. Akajaribu kuipandisha. Ikawa kama anamdhihaki. "'Vuta pumzi, kisha…' Halafu akacheka."

"Alichekaje?"

Fundi akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Sawa, Baba," binti akasema.

Na fundi, ambaye maisha yake yote alizitoa sawa za namna ile, aliitambua hiyo ilikuwa ipi.

Kilichopotea ni hiki. Swali moja la kijana mwenye viatu vyeupe, na jibu lake. Kicheko kimoja, na mkono ulioziba pengo. Mwiko. Mgongo wa gauni la kijani unaoingia jikoni. "Nina sufuria jikoni," jinsi alivyoivuta ile "sufuria". Ahadi moja ya baba kwa mtoto. Neno moja ambalo fundi halitumii tena. Mteja akimsumbua siku hizi, anamwambia hapana. Na bibi mmoja, ambaye mjukuu wake atamwona kwenye picha tu, amefunga mdomo.