Kipande cha Winga wa Kushoto

Tin.

Mkono wa ndoo umeangukia ubavu wa ndoo, gizani, na nyumba nzima imesikia isipokuwa yule asiyetaka kusikia. Stéphanie amesimama, mguu mmoja hewani. Anasubiri. Kitandani, mumewe Merdi anavuta pumzi ndefu, anaitoa, anageukia ukuta. Ni usingizi wa kweli, au ni usingizi wa hasira? Siku hizi mambo hayo mawili yanalala kwenye mto mmoja.

Ni Jumanne. Kila Jumanne na kila Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, vijana wa timu ya Malachite wanakwenda uwanjani kwa mazoezi ya hiari. Ya hiari, walisema. Hakuna anayelazimishwa, walisema. "Basi hiari yangu ni kulala," Merdi alijibu siku ya kwanza alipokataa kuamka, akacheka peke yake, na tangu siku ile hajacheka tena vizuri.

Saa kumi na moja haijafika. Stéphanie anamfunga Bénie mgongoni, mtoto mzito wa usingizi, miaka minne, miguu inaning'inia mpaka karibu na magoti ya mama yake. Anafungua mlango kidogo kidogo, kama mtu anayefunua sufuria ya jirani.

Nje, mji wa Likasi bado unaota. Ukungu umelala juu ya mabati ya mtaa wa Kikula. Mijakaranda imedondosha maua usiku kucha bila kumwambia mtu, na barabara nyekundu imeamka ya zambarau bila kujua. Vumbi limelala. Mvua imelifunika mpaka mabegani, imelibembeleza, imeliambia nyamaza.

Ungemwona Merdi akiwa na mpira, usingeuliza kwa nini mwanamke huyu anatembea gizani. Ungesema mpira ndio unaomfuata yeye, kama mbwa mdogo aliyempata bwana wake. Anateremka upande wa kushoto, bega chini, na beki anabaki ameshika upepo. Wamama wanaouza karanga nyuma ya goli wanasimama. Hata mchungaji wao, anayesema mpira ni mambo ya dunia, Jumapili moja alifupisha mahubiri, na kanisa zima lilijua kwa nini.

Miaka minane amevaa jezi ya kijani ya Malachite. Miaka minane. Halafu mwezi wa kumi, mvua za kwanza zikinukia, nahodha wa zamani akaondoka, kitambaa cha unahodha kikabaki bila mkono, na kocha Symphorien akakifunga kwenye mkono wa Elie. Elie, aliyekuja kutoka Kakanda juzi juzi tu! Elie mpole, anayesalimia kila mtu mara mbili! Merdi angegomba, ingekuwa nafuu. Alikunja jezi yake taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Mechi alicheza. Mazoezi ya lazima alikwenda. Yaani miguu ilikwenda. Yeye mwenyewe alibaki mahali fulani ndani yake, amekaa, amefunga mlango kwa ufunguo.

Sasa, uwanja wa Malachite si wa majani. Ni udongo mwekundu, na udongo wa huku umeshiba mawe. Kila mvua ikinyesha, ardhi inazaa mengine: meusi, ya kahawia, na mara moja moja la kijani, dogo, linalokutazama kama jicho la paka. Ndiyo maana mazoezi ya alfajiri huanza bila mpira. Uwanja umegawanywa vipande, na kila mchezaji ana chake, palepale anapocheza. Kipa anaokota mawe ya golini. Mabeki wanaokota ya nyuma. Kipande cha winga wa kushoto kinatoka kona mpaka katikati, kirefu, chembamba, kama kitenge kilichoanikwa.

Kocha Symphorien haiti majina. Anafika saa moja, mikono mgongoni, anatembea polepole na kusoma udongo. Kipande safi, basi moyo wa mtu upo. Kipande kikikaa kichafu wiki tatu, kinapewa mwingine, na namba inaondoka pamoja nacho. Ni desturi ya timu tangu wazee wa reli walipoianzisha, na hakuna aliyewahi kuibishia.

Stéphanie alikiona kipande hicho asubuhi aliyokuwa akipeleka maandazi stesheni. Vipande vingine vyote vilikuwa laini, vimechanwa kama nywele za mtoto siku ya ubatizo. Kimoja tu kiliachwa. Mawe yalikuwa yametoka juu yake kama upele.

Akakumbuka neno alilolisema Merdi, macho yakiwa darini: "Mpira ukiisha, minye nitashuka Kamatanda na wengine."

Kushuka, yaani kuingia mashimoni, kuchimba madini. Yannick, mdogo wake Merdi, alishuka. Alipanda tena, Mungu asifiwe, lakini mgongo wake ulibaki chini kule. Sasa anatembea akiangalia vidole vyake vya miguu, kijana wa miaka ishirini na miwili.

Stéphanie akatua beseni la maandazi. Akainama. Jiwe moja. Jingine. Hakuwaza kumdanganya mtu. Aliwaza mguu. Mguu ule wa kushoto anaoupaka mafuta jioni baada ya mechi, anaoujua kovu kwa kovu. Mguu ule usikutane na jiwe. Hivyo tu.

Jiwe moja. Jingine. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Anakuja na ndoo yake kabla ya wachezaji, anaondoka kabla hawajafika, na nyuma yake kipande kinabaki kinapumua, chekundu, laini, kama shavu la mtu aliyetoka kuoga. Bénie huamka katikati ya kazi, anateremka mgongoni, anaokota naye. Ya kijani anayaweka mfukoni. Kwake yeye hapa ni shamba lao, na mawe ndiyo mavuno.

Na kuna alfajiri ukungu unapokuwa mzito, Stéphanie anamwona. Anamwona Merdi yule mwingine, asiye na hasira, akiteremka upande wa kushoto bila sauti, bila mpira, bila alama ya kiatu. Anampita karibu kabisa. Upepo wake unamgusa shingoni. Anafika kona, anageuka, anacheka, anakuwa ukungu.

Udongo wee, anasema moyoni, mkono kiunoni, kaza meno. Umezaa vya kutosha. Pumzika mpaka Jumapili.

Ijumaa jioni, kuna hodi.

"Hodi ku nyumba!"

"Karibu, Papa Symphorien. Karibu ukae," Stéphanie anaitikia.

Kocha anakaa, kofia gotini. Bénie amelala chumbani. Stéphanie yuko jikoni kwenye mlango wa nyuma, anasonga bukari, ugali wa huku, na sikio lake limebaki sebuleni. Merdi anaangalia ukuta.

"Mutoto wangu," kocha anasema, "nilikuya kukuomba pardon."

Merdi anaacha ukuta.

"Minye nilisema: ule Merdi iko na kiburi, kichwa yake haipite tena mu mulango. Nikangoja wiki tatu. Kipande yake ikikaa muchafu, namupatia Pitshou, basi. Lakini kila mardi, kila jeudi, kipande yako njo inapita zote kwa usafi! Elie aliniambia: Papa, huyu muntu anakuya mbele ya jua, anaokota peke yake, anarudia, hapendi muntu amuone. Kama Nikodemo aliyemuendea Yesu usiku!" Kocha anacheka, anajipiga paja. "Nahodha ni wa vile. Elie mwenyewe alitoa kitambaa. Siku ya Mungu, ku match, utakivaa weye."

Anakiweka mezani. Kitambaa cheupe, chenye jasho la wengi, kidogo kuliko hasira yote iliyopikwa kwa ajili yake.

Mwiko umesimama katikati ya bukari. Sema ndiyo, Stéphanie anaomba, sema ndiyo, Kamatanda iwe mbali. Na palepale anaomba tena: usiseme. Hajui Mungu atasikia ombi lipi.

Merdi anaangalia kitambaa. Kisha anaangalia mlango wa nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze anaiona mikono ya mkewe. Kucha zenye udongo mwekundu. Kidole gumba kilichopasuka. Mwezi mzima amekula kutoka mikono hiyo, na hakuuliza kitu.

"Papa," anasema. "Si minye."

"Unasema je?"

"Minye nilikuwa nalala. Siku zote nilikuwa nalala." Sauti yake imeshuka, ni ya mtu anayefungua mlango uliokaa sana bila kufunguliwa. "Ni mama Bénie. Angalia mikono yake."

Kocha anageuza kiti chote.

"Mama Bénie, ni weye?"

"Ndiyo, njo minye, Papa. Munisamehe. Sikutaka kudanganya muntu. Niliogopa tu ile majiwe."

Symphorien anamtazama, kisha anamtazama mumewe, kisha anatazama viatu vyake mwenyewe.

"Eh! Miaka makumi mbili nasoma udongo, najisifu, kumbe nasoma mikono ya bibi na kuweka jina ya bwana." Anachukua kitambaa, anakirudisha mfukoni. Hakasiriki, na hacheki. "Basi, sikia. Siku ya Mungu utaikala ku banc. Na kipande si yako tena. Anayeokota njo mwenyewe. Ni ya mama Bénie. Ukiitaka, umuombe yeye. Minye sina neno."

Mlangoni anageuka.

"Na weye mama, bukari iko inaungua."

Jumapili, Malachite wanatoka sare, bao moja kwa moja. Merdi amekaa benchi kipindi kizima cha kwanza, ameshika magoti kama mtu aliye kwenye gari lisilo na breki. Kipindi cha pili anasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Anaona nafasi ambazo wengine hawazioni, anaona mpira utakapokuwa kabla haujafika, na mambo hayo hayawezi kukaa ndani ya mtu. "Elie! Nyuma yako! Geuka, uko peke yako!" Elie, kitambaa kimerudi mkononi mwake, anageuka, yuko peke yake kweli, anafunga. Wamama wa karanga wanaruka. Merdi naye anaruka, mikono juu, halafu anajikumbuka, anaishusha. Imechelewa. Stéphanie ameshamwona.

Jumatatu jioni, taa imezimwa, Bénie katikati yao.

"Mama Bénie."

"Eh."

"Naomba kipande."

"Kipande gani? Ya mukate?"

"Unajua gani."

"Sijue kama nitaitoa. Ni shamba yangu muzuri. Na weye nasikia unapenda kulala."

"Sitalala."

"Nitaona. Nitafikiri." Lakini ameshauma shuka ili asicheke, na kicheko kinatoka puani, na yeye Merdi anakisikia. Anacheka pia. Kicheko kibaya, chenye kutu, cha mtu aliyekiacha muda mrefu nje. Wanacheka kimya kimya, mtoto katikati akitikisika kama mtumbwi, mpaka usingizi unawachukua wote watatu upande mmoja.

Alfajiri hiyo anayeamka kwanza ni Merdi. Anamchukua mtoto mgongoni kwake, anafungiwa kitenge na mkewe, na mtaa mzima wa Kikula haujawahi kuona kitu kama hicho. Bahati yake, mtaa umelala.

Yeye anaanzia kona. Stéphanie anaanzia katikati. Usiku ilinyesha kubwa, na ardhi imejifungua mapacha kila hatua. Winga aliyewaacha mabeki wameshika upepo sasa anatembea kwa magoti, mkono kwa mkono, na kila jiwe analolitoa anabaki anaangalia shimo lake dogo. Hili lingemkata. Na hili. Na hili hapa, lenye ncha, palepale anapopenda kugeukia. Anahesabu siku ngapi alipita hapa akikimbia na hakuanguka. Anasimamisha mkono. Anamtafuta mkewe ukunguni, anamwona mgongo tu, umeinama, na hajui neno la kumpa. Anarudi kwenye mawe. Labda ndilo neno lenyewe.

Bénie ameamka, ameteremka, anakimbia kati yao na mikono imejaa.

Wachezaji wanafika mmoja mmoja, wanatokea kwenye ukungu kama watu wanaokumbukwa. Wanasimama mstarini. Hakuna anayetania, hata Pitshou ambaye hutania misibani. Elie anasogea mbele, hajui aweke wapi mikono yake.

"Jambo, yaya Merdi," anasema, yaani kaka mkubwa. Na kama kawaida yake, mara ya pili: "Jambo."

Merdi anainuka, magoti mekundu. Wanatazamana. Stéphanie anashika jiwe mkononi na halitupi.

"Jambo, nahodha," Merdi anasema.

Jua linapasua juu ya mabomba ya moshi ya kiwanda cha Shituru, na ukungu wote, uliokuwa wa kijivu tangu dunia ianze, unageuka rangi ya udongo. Hewa nyekundu, ardhi nyekundu, mgongo wa Merdi umeinama tena kazini. Huwezi kujua unapoishia udongo na anapoanzia yeye. Timu nzima inatazama, na Bénie, mkononi ameshika kijiwe cha kijani, anaona ni juu yake kuwaeleza. Anamgeukia Elie na kusema kwa sauti ya kanisani:

"Papa alikuya kutusaidia."